Arubuni Si Mshahara

Katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, tangu Pumwani na Shauri Moyo mpaka Umoja, Dandora na Kayole, kuna usemi ambao kijana huusikia kabla hajamaliza shule. Husemwa kuwa mtu afanyaye kazi ya mkono wake mwenyewe, bila kuandikwa na tajiri, ndiye mtu huru. Haamshwi na king'ora, hamnyenyekei msimamizi, wala hakuna wa kumwuliza jana alikuwa wapi. Usemi huu ni mtamu, lakini una mchanga ndani yake. Nataka kuupinga, wala sitaupinga kwa upole, kwa sababu nimewaona watu wengi waliouamini wakazeeka na madeni, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuwa mmoja wao.

Lakini nisidhaniwe kuwa nimesimama upande wa wale wawadharauo mafundi. Wako watu, hasa wenye meza na viti vya kuzunguka, wasemao kuwa fundi wa kujitegemea ni mwongo kwa asili yake, na kwamba neno "kesho" alizaliwa nalo kinywani. Hao nao nawapinga. Uongo wa fundi si maumbile. Ni hesabu mbaya, na aliyekosea hesabu aweza kufundishwa. Ugomvi wangu ni juu ya jambo moja, lenye jina la zamani katika lugha yetu: arubuni, yaani fedha ya mbele aitoayo mteja ili kazi yake ianze.

Nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni, baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, nasi tulikaa Makongeni. Katika orodha ya vitu vilivyotakiwa, kitu cha kwanza kilikuwa sanduku la bati. Tulikwenda kwa miguu mpaka Kamukunji, ambako siku hizo mafundi waligonga bati katika uwanja usio na paa, jua likiwapiga utosini tangu asubuhi mpaka magharibi. Ndiyo maana kazi zao na wao wenyewe wakaitwa jua kali. Baba alimchagua fundi mmoja, akapatana naye bei, akatoa nusu yake. Fundi alipima urefu kwa mkono wake, akapiga mstari chini kwa msumari, akasema, "Mzee, njoo Ijumaa."

Ijumaa tulikwenda. "Mzee, rangi haijakauka. Njoo kesho." Rangi ya sanduku gani? Hatukuonyeshwa sanduku lenye rangi wala lisilo na rangi. Kesho yake fundi hakuwapo, na jirani yake alituambia kuwa amekwenda kumzika shangazi yake. Jumatatu nilipanda basi na vitu vyangu katika gunia la sukari lililofungwa kwa kamba ya katani, na muhula ule mzima jina langu shuleni lilikuwa Gunia.

Wasomaji wangu wengi wanayo masanduku hayo chini ya vitanda vyao saa hii, na yaelekea yametoka pale pale Kamukunji. Basi wajue kuwa kila sanduku lililofika kwa wakati lilikuwa na ahadi mbili ndani yake, na ahadi moja tu ndiyo iliyokuwa ya mzazi.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa fundi yule alikuwa mwizi. Sikufahamu alichokifanya mpaka nilipokifanya mimi.

Nilimaliza shule nikakosa kazi ya kuandikwa, nikawa mwandishi wa mabango. Nilikuwa na mkono mzuri wa herufi, na katika miaka ya 1990 kila duka, kila kinyozi na kila hoteli ya chai ilihitaji jina lililoandikwa kwa brashi. Mwenye bucha mmoja wa Jericho alinipa shilingi 600 ninunue ubao na rangi. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Nilipofika nyumbani mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu, naye hakuwa amekuja kunisalimu. Nikampa zile 600. Nikajiambia kuwa Jumanne atakuja mteja mwingine, na arubuni yake itanunua rangi ya mwenye bucha. Jumanne mteja alikuja kweli. Arubuni yake ilinunua unga, mafuta ya taa, na viatu vya ndugu yangu mdogo. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa na wateja kumi na mmoja na mabango manne. Nilivijua vichochoro vyote vya Jericho na Ofafa, si kwa kupenda matembezi, bali kwa kuwa katika barabara kubwa kulikuwa na watu niliowaepuka.

Huo ndio uhuru niliosifiwa! Baba yangu alikuwa na bwana mmoja, na saa za bwana huyo zilijulikana: zikiisha, baba alivua viatu akakaa kibarazani akanywa chai. Mimi nilikuwa na mabwana kumi na mmoja, na kila mmoja wao alikuwa na haki ya kunigongea mlango usiku.

Na tufanye hesabu, maana hapa ndipo ilipo siri ya jambo lote. Tuseme sanduku limepatanwa kwa shilingi 3,000, na arubuni ni 1,500. Tuseme bati, bawaba, komeo na rangi vyagharimu 1,800. Basi jasho la fundi ni 1,200. Fundi apokea 1,500, na kwa kuwa ana njaa ala 500 siku hiyo hiyo. Ili kuimaliza kazi, achukua 800 katika arubuni ya mteja wa pili. Sanduku la kwanza lamalizika, mama mwenye mtoto aja, atoa baki ya 1,500. Sasa fundi aishika fedha hiyo mkononi, aona yote ni faida, naye aila yote. Tazama: katika sanduku lililompa 1,200 amekula 2,000. Zile 800 ni za nani? Ni za mteja wa pili, ambaye sanduku lake halijapata hata bawaba moja. Hakuna mtu aliyevunja mlango wala aliyechomoa kitu mfukoni, lakini mtu mmoja ameibiwa, naye fundi hana habari kuwa ameiba. Yeye ajua tu kuwa fedha haimkai, na pengine husema amerogwa.

Mshahara ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa. Arubuni ni fedha ya kazi isiyofanywa bado. Ya kwanza ni yako, waweza kuila, kuinywa au kuitupa mtoni. Ya pili ni amana. Ni bati la mtu mwingine lililochukua sura ya noti kwa muda wa safari kutoka mkononi mwake mpaka dukani. Fundi mwema niliyepata kumwona, mzee mmoja wa Shauri Moyo aliyefua majiko na ndoo, alikuwa na desturi ambayo vijana waliicheka: alipopokea arubuni hakuketi. Aliondoka na mteja wakaenda pamoja mpaka kwa muuza bati, bati likanunuliwa mbele ya macho yao wote wawili, na jina la mteja likaandikwa juu yake kwa chaki. Njaa haiwezi kula bati. Wala hakukubali nusu ya bei kwa mazoea tu. Alidai fedha itoshayo vifaa vyote, hata ikiwa ni zaidi ya nusu. Katika mfano wetu angedai 1,800, na lile pengo lisingezaliwa.

Wazee walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mafundi wengi huitaja methali hii, na daftari hawana. Hudhani daftari ni la mwenye duka kubwa. Lakini mwenye duka huona mali yake rafuni kila asubuhi, hata asipoandika. Mtu wa kujitegemea mali yake haionekani, ni ahadi alizozitoa na ahadi alizopewa, na zisipoandikwa hazipo popote. Daftari langu la kwanza lilikuwa la kurasa 48, nami nililinunua nikiwa nimekwisha chelewa. Nilikaa usiku mmoja nikaandika jina la kila niliyekuwa na deni lake. Nilipoona yote katika ukurasa mmoja nilipatwa na homa.

Najua mafundi watanijibu, na majibu yao mengine ni ya haki. Watasema: mteja wa mitaani kwetu hupunguza bei mpaka mtu akafanya kazi kwa shibe ya siku moja. Kweli, lakini ni nani aliyeikubali bei hiyo? Fundi huhesabu bati na rangi, akasahau kodi ya mahali pake, nauli yake, makali ya mkasi yanayokwisha, siku ya mvua asiyouza kitu, na siku atakapougua ambayo hakuna atakayemlipa. Hakuna likizo kwa mtu wa kujitegemea asiyejiwekea likizo hiyo ndani ya bei. Mwaka 2011 ulianzishwa mpango wa akiba ya uzeeni kwa watu wa jua kali, ukaitwa Mbao, kwa kuwa ulimtaka mtu aweke shilingi 20 kwa siku, na mbao katika maneno ya mitaani ni shilingi 20. Jina lilikuwa zuri na kiasi kilikuwa kidogo. Lakini hata hizo 20 hazina mahali pa kutoka ikiwa hazikutiwa katika bei tangu mwanzo. Bei ndogo mno si huruma kwa mteja. Ni uongo wa kwanza, nao ndio mama wa ule wa "njoo kesho", kwa maana fundi aliyepatana kwa hasara hana njia ya kumaliza ila kwa fedha ya mwingine.

Watasema tena: ukimkataa mteja, hatarudi. Hapa nawapinga kwa nguvu zangu zote. Wiki zile ambazo wanafunzi wapya huripoti shuleni, mtu mwenye mikono miwili hupokea kazi za mikono kumi, kwa kuogopa neno "siwezi". Neno hilo likisemwa kwa adabu halimfukuzi mtu. "Mama, wiki hii mikono yangu imejaa, nenda kwa yule pale, naye ni fundi mwema." Mama huyo ataondoka akiwa na sanduku la mtu mwingine na jina lako. Lakini mama aliyerudishwa mara nne ataondoka na jina lako pia, na atalitaja katika basi, katika maombolezo, na katika mikutano ya chama cha akina mama, kwa sauti ambayo usingependa kuisikia. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali nzuri, lakini imewadanganya mafundi wengi hodari, wakadhani uzuri wa kazi utaufuta ubaya wa siku. Sanduku zuri lililofika baada ya basi kuondoka ni zuri kwa nani?

Jibu la tatu ndilo lenye uchungu zaidi, nalo silipingi. Wako wateja wasiolipa. Na wabaya wao si maskini. Mwanamke auzaye mboga hulipa baki yake siku ile ile, pengine kwa sarafu. Mimi niliandika mabango sita ya ofisi moja yenye mazulia, nikaambiwa hati yangu ya malipo imepelekwa ghorofa ya juu, nikaisubiri ishuke miezi minane. Kwa hiyo lile daftari lina kazi ya pili: ni silaha. Tangu mwaka 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, isikizayo madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yataka hukumu itolewe katika siku 60. Ni mlango mzuri kwa mtu mdogo. Lakini hakimu hatamwuliza fundi kama alitoka jasho, atamwuliza karatasi. Mlipatana nini, kwa shilingi ngapi, siku gani, na ni nani aliyetia sahihi? Hata ujumbe mfupi wa simu wenye maneno hayo ni bora kuliko kushikana mikono mara mia.

Pengine msomaji anasema moyoni: mimi sitagonga bati. Na asiwe na hakika mno! Kwa hesabu za serikali ya Kenya, ukiacha wakulima wadogo, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi wako katika kazi za namna hii. Shirika la Kazi Duniani lilichapisha taarifa juu ya Kenya mwaka 1972, likiwaambia wakubwa kuwa watu hawa si wavivu wala wahalifu, bali ni wazalishaji wanaonyanyaswa bure. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na mabanda yakafuata. Yote hayo ni mema. Lakini hakuna banda linalomzuia mtu kula arubuni, na kivuli kilipokuja, "njoo kesho" iliingia pamoja na fundi ikakaa kivulini.

Isitoshe, ufundi wenyewe umegeuka sura. Katika vyumba vya kupanga vya Umoja, Donholm na Buruburu wako vijana wanaokesha mbele ya kompyuta, wakiandika maneno kutoka katika sauti, wakitafsiri, wakichora alama za makampuni ya watu wasiowajua. Serikali yenyewe iliwahimiza, kwa mpango wa Ajira Digital ulioanza mwaka 2016. Hao nao ni mafundi, na makosa yao ni yale yale: kazi kumi kwa mikono miwili, bei isiyohesabu umeme wala usingizi, na fedha ya mbele iliyoliwa. Mteja aliye Toronto hawezi kuja kugonga mlango, lakini huandika neno moja baya chini ya jina la kijana, na neno hilo husomwa na dunia nzima.

Na kuna kazi moja ambayo lazima niitaje kwa jina, kwa kuwa nawaandikia wanafunzi. Kwa miaka mingi vijana wengi wa Nairobi, wenye akili na shahada zao, waliandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Najua kodi ililipwa na fedha hiyo, na wadogo wao walisomeshwa. Siwatukani, waliozinunua ndio waliokuwa na nafasi ya kuchagua. Lakini tazama ubaya wake kwa upande wa fundi. Fundi wa sanduku, hata yule mwongo, jina lake hukaa juu ya kazi yake. Mwandishi wa insha ya kuuza hufanya kazi ambayo hawezi kumwonyesha mtu. Miaka kumi ya ustadi wake imetiwa sahihi za wengine, na akienda kuomba kazi mahali hana hata karatasi moja ya kuweka mezani. Mwaka 2022 Uingereza ilitunga sheria ya kuwa ni kosa la jinai kutoa huduma hiyo kwa wanafunzi wa huko England. Na mwisho wa mwaka huo huo ikatokea mitambo iandikayo insha kwa dakika moja, na kazi za wengi zikapungua.

Jambo hili halikuwa geni kwetu. Rafiki zangu waliopaka matatu michoro walipatwa na lao mwezi wa Februari mwaka 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika, na kila matatu ikatakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni. Michoro ikafutwa. Waliokuwa na akiba na jina jema waligeukia mabango ya shule na kuta za maduka, na wateja wao wa zamani wakawafuata. Waliokuwa wakiishi kwa arubuni hawakuwa na mahali pa kugeukia. Kila mlango waliojaribu kuugonga ulikuwa wa mtu waliyemkopa.

Mimi niliacha kukimbia kabla ya siku hiyo. Kwa mwaka mmoja na nusu nilifanya kibarua cha kupaka rangi nyumba huko Komarock, na kila Jumamosi nilipeleka fedha kwa mtu mmoja wa wale waliokuwa katika ukurasa wangu, nikafuta jina lake kwa kalamu nyekundu mbele yake. Wengine walinikaribisha chai. Mmoja alinifukuza, naye alikuwa na haki.

Mwenye bucha wa Jericho nilimwacha mwisho, kwa kuwa ndiye niliyemwonea haya zaidi. Alizihesabu noti zile, 600, akazitia katika droo bila kusema neno, akaendelea kumkatia mteja nyama. Nilipotoka nje niliinua macho. Bango lake lilikuwa limeandikwa na mtu mwingine. Herufi zilikuwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na neno "nyama" lilikuwa linapanda mlima. Lakini lilikuwa limetundikwa pale, juu ya mlango, na misumari yake ilikuwa imekwisha shika kutu.